Diwani kajiuzulu na baraza ndilo linalomteua wa kujaza kiti: tuangalie nini kwa waombaji?

#1 Nuru_Mpigakura
Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo, tena kwa haraka kidogo, maana baraza linakutana Jumanne.

Naishi jimbo la Washington, Marekani, na nina haki ya kupiga kura. Jiji letu ni dogo, baraza lina viti saba. Diwani mmoja amejiuzulu kwa sababu za kifamilia huku muhula wake ukiwa bado mbichi. Huku hakuna kuitisha uchaguzi mdogo papo hapo. Madiwani sita waliobaki ndio wanaoteua mtu wa kukaa pale hadi uchaguzi wa kawaida wa jiji unaofuata. Sheria imewapa siku 90 tangu kiti kiwe wazi. Zikiisha bila jina, kazi ya kuteua inahamia kaunti.

Waombaji walikuwa kumi na mmoja, wamebaki watatu. Wa kwanza aliwahi kuwa diwani kwa miaka minane, akastaafu. Anasema atashika kiti tu na hatagombea. Wa pili aligombea kiti hikihiki uchaguzi uliopita akashindwa kwa kura chache. Wa tatu ni mama muuguzi. Hajawahi kugombea chochote, lakini amekaa miaka sita kwenye tume ya mipango miji, ile ya kujitolea.

Wakazi tunapewa dakika tatu tatu kwenye kipaza sauti kabla hawajapiga kura. Sitaki kusimama pale niseme "mchagueni mtu mzuri" halafu nikae. Ninyi mngemtazama mtu kwa kigezo gani?

#2 Kibao
Mimi wa pili, bila kusitasita. Kuna watu walikwenda kituoni wakaweka alama mbele ya jina lake. Hao wengine wawili hakuna aliyewapigia kura safari hii.

#3 Hoja Nzito
Kibao, geuza hiyo hoja uitazame upande wa pili. Kati ya hao watatu, huyo ndiye pekee ambaye wapiga kura waliulizwa habari zake wakajibu hapana. Walikuwa na karatasi mkononi wakamchagua mwenzake. Leo madiwani sita wanampa kile ambacho wananchi walimnyima?

Simaanishi hafai. Nasema "alikuwa wa pili" peke yake haitoshi kuwa sababu.

#4 Chui wa Wadi
Salamu kutoka Kenya. Mimi swali langu linarudi nyuma zaidi: kwa nini wateue? Kwetu mwakilishi wadi akifariki au akijiuzulu watu wanarudi debeni. Kiti ni cha wananchi, na wananchi ndio wakijaze. Sita kumchagua wa saba ni kama wachezaji kumchagua refa.

#5 Mchunguzi77
Chui, msimamo wako naupenda, ila tusisahau yaliyotupata juzi tu. IEBC, tume yetu ya uchaguzi, ilibaki bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Muda wote huo hakuna aliyeweza kuitisha uchaguzi mdogo hata mmoja. Mbunge wa Banissa alifariki Machi 2023 na watu wake hawakupata mwingine hadi uchaguzi mdogo wa tarehe 27 Novemba 2025. Na ibara ya 101 ya katiba inataka kiti cha mbunge kijazwe ndani ya siku 90!

Kwa hiyo kurudi debeni ni kuzuri kama debe lipo. Lisipokuwepo, mtu wa Banissa angeshukuru hata huyo wa kuteuliwa.

#6 Chui wa Wadi
Hapo umegusa kidonda, Mchunguzi. Zaidi ya miaka miwili na nusu bila sauti bungeni. Nakubali sehemu hiyo.

Lakini bado nina neno. Kilichokosekana pale ni tume, dawa yake ni kuunda tume. Hatuwezi kusema kwa kuwa debe lilipotea basi debe ni baya.

Niongeze kwa faida ya wengine: wawakilishi wa kuteuliwa kupitia orodha za vyama hawarudi debeni. Mmoja akitoka, sheria ya uchaguzi inampa kiti anayefuata kwenye orodha ya chama hicho, wa jinsia ileile. Hapo hakuna usaili wala dakika tatu za kipaza sauti. Jina lilishaandikwa zamani.

#7 MzeeKarani
Wanangu, nimekuwa karani wa vikao vya baraza miaka mingi, sasa nimestaafu. Baraza lenyewe sitalitaja. Teuzi nilizoandikia kumbukumbu ni nyingi, na nina jambo la kumwambia Nuru.

Mtu aliyeahidi kutogombea huwa anaonekana salama, na kwa kiasi fulani ni kweli. Anaijua bajeti. Hahitaji miezi minne ya kufundishwa tofauti ya azimio na sheria ndogo. Na wale wanaotaka kugombea mwakani wanabaki wote kwenye mstari mmoja, hakuna aliyepewa hatua kumi za mbele. Anayeketi kitini anapiga picha kwenye kila shughuli, jina lake linatajwa kila wiki, anapokea simu za wakazi na kuwasaidia. Uchaguzi ukifika, mpinzani wake anashindana na kiti pia. Kwa hiyo baraza likimteua anayetaka kugombea, limeshapiga kura kwenye uchaguzi ujao kabla wananchi hawajapiga yao.

Hiyo ndiyo hoja ya upande wa "mshika kiti", nami niliiamini kwa muda mrefu.

Lakini nilishuhudia siku moja jambo ambalo hadi leo linanikera. Waombaji walikuja na mafaili yao, mmoja amevaa suti mpya kabisa, wakasubiri kwenye benchi la ukumbini kwa saa mbili. Mimi nilikuwa nimeshapewa jina la mteuliwa asubuhi ile ili niandae karatasi ya kiapo. Maswali yaliulizwa, majibu yakatolewa kwa heshima zote, na hakuna aliyekuwa anasikiliza. Mteuliwa alikuwa huyo "mshika kiti", mtu mwema kabisa. Kosa halikuwa lake. Ila wale wengine hawakuomba tena nafasi yoyote ya umma maisha yao yote, na ninaowajua mimi ni watu ambao mji uliwahitaji.

Kwa hiyo Nuru, kabla ya kuuliza nani, uliza kama uamuzi bado haujafanyika.

#8 Bint Saidi
Shikamoo mzee. Bandiko lako limenipata mahali pabaya. Mimi ndiye wa kwenye lile benchi. Si lako, lingine, nchi nyingine, lakini benchi ni lilelile.

Niliomba kiti kilichobaki wazi kwenye baraza la mji ninaoishi. Nilisoma bajeti nzima, kurasa zaidi ya mia mbili, nikaja na maswali yangu. Swali la kwanza nililoulizwa na diwani mmoja: "Una watoto wadogo, utaweza vikao vya usiku?" Mwombaji mwanamume aliyenifuata ana watoto watatu. Hakuulizwa. Niliambiwa nimekuwa wa pili.

Uchungu wa kukosa ulikwisha. Swali lile halijaisha. Nuru, kama utapata nafasi, omba waombaji wote watatu waulizwe maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na maswali yawe yameandikwa kabla.

#9 MzeeKarani
Marahaba binti yangu. Pole sana. Swali hilo karani yeyote mwenye akili angemnong'oneza mwenyekiti alifute.

#10 Zingatia
Kwa kuwa mleta uzi yupo Washington, mifano ya jirani yake ipo: Seattle. Wale sheria mama ya jiji lao inawapa siku 20 tu, na wakishindwa wanatakiwa kukutana na kupiga kura kila siku hadi wapate mtu.

Wameshateua aina zote mbili. Mwaka 2015 walimteua John Okamoto kwa ahadi ya kutogombea, akakaa miezi michache, akaondoka kama alivyosema. Januari 2024 walimteua Tanya Woo kwenye kiti cha jiji zima. Huyu alikuwa ametoka kushindwa Novemba 2023, wiki chache tu nyuma. Akagombea kukitetea Novemba 2024, akaangushwa na Alexis Mercedes Rinck.

Hoja Nzito, hii inakuunga mkono. Wapiga kura walisema hapana, baraza likasema ndiyo, wapiga kura wakasema hapana mara ya pili.

#11 Kibao
Zingatia, umekuja na mzigo wa kunizika nao! Lakini soma vizuri ulichoandika. Woo alishindwa kwenye kiti cha wilaya moja, akateuliwa kwenye kiti kingine kabisa, cha jiji zima. Nuru anasema huyu wake aligombea kiti hikihiki, akakosa kwa kura chache. Si kesi moja.

#12 Zingatia
Kweli. Alishindwa wilaya ya 2 na Tammy Morales, akateuliwa kwenye kiti namba 8 kilichoachwa na Teresa Mosqueda. Nakubali marekebisho, ingawa somo bado nalishikilia.

#13 Dada Neema
Mfano mwingine unaokwenda kinyume na huo: Chicago. Huko baraza haliteui, linaidhinisha tu. Anayeteua ni meya, na ana siku 60. Mwaka 2022 meya Lori Lightfoot alimteua Nicole Lee wadi ya 11 mwezi Machi, kisha Timmy Knudsen wadi ya 43 mwezi Septemba. Wote wawili walishinda uchaguzi wa 2023. Cha kushangaza, meya aliyewateua alianguka raundi ya kwanza mwaka huohuo.

Kwa hiyo anayeteuliwa si lazima aadhibiwe na wapiga kura. Na huenda kushinda kwao ndiko kunakothibitisha alichosema Mzee kuhusu hatua kumi za mbele. Unaweza kuisoma pande zote mbili, mimi mwenyewe sijaamua.

#14 Hoja Nzito
Dada Neema, hapo ndipo ninapotofautiana na Mzee kwa heshima zote. Tunaogopa sana kumpa mtu faida ya uchaguzi hadi tunasahau kwamba kutaka kuchaguliwa tena ndiko kunakomfanya diwani apokee simu.

Mshika kiti anayejua ataondoka, nani anamdai? Akipigia kura upandishaji wa ada ya maji, akaruhusu ghorofa mahali ambapo wakazi hawataki, atakuwa ameshakwenda zake. Diwani asiye na hofu ya kura anaweza kuwa jasiri, sawa. Anaweza pia kuwa mzembe. Na mwaka na kitu si muda mdogo. Ndani yake kuna bajeti mbili.

Halafu ile ahadi ya kutogombea haimfungi mtu kisheria. Akibadili mawazo, fomu anachukua kama mwingine yeyote.

#15 Mtoto wa Meza
Nawasoma tu kutoka Tanzania. Sisi kata ikibaki wazi ni uchaguzi mdogo, na diwani wa viti maalumu akitoka, tume inajaza kutoka orodha ya chama chake. Nilikuwa nataka kumuunga mkono Chui kwamba debe ndiyo dawa, nikakumbuka tarehe 26 Novemba 2017. Kata 43 kwa mkupuo. Nyingine zilikuwa wazi kwa vifo, lakini nyingine diwani alijiuzulu kwa kuhama chama. Na kwa wabunge tuliona Maulid Mtulia akijiuzulu Kinondoni akiwa CUF, akarudi Februari 2018 kwenye kiti kilekile kwa tiketi ya CCM.

Mnaona? Uchaguzi mdogo unagharimu fedha za umma, unafunga ofisi, na wakati mwingine anayerudi ni yuleyule aliyeondoka. Bado nasema afadhali wananchi waulizwe. Lakini tusiseme ni bure.

#16 Mchunguzi77
Hili la mtu kujiuzulu kisha kukitaka tena kiti chake lina historia ya kutisha. San Francisco, 1978. Dan White alijiuzulu baraza la jiji, halafu...

Naandika kwa simu, nitarudi.

#17 Zingatia
Huyo si aliyefukuzwa barazani akaja kulipiza kisasi?

#18 Mchunguzi77
Hapana, hakufukuzwa. Alijiuzulu mwenyewe tarehe 10 Novemba 1978, akilalamika mshahara hautoshi. Siku chache baadaye akabadili mawazo akaomba arudishwe. Huko mamlaka ya kuteua yalikuwa ya meya peke yake. Meya George Moscone mwanzoni alimwonyesha kwamba atamrudishia. Kisha watu wakamshauri vinginevyo, diwani Harvey Milk akiwa mmoja wao, meya akaamua kumteua mwingine. Tarehe 27 Novemba, siku aliyokuwa atangaze jina jipya, White aliingia jengo la jiji na bastola akawaua Moscone na Milk. Dianne Feinstein, aliyekuwa rais wa baraza, ndiye aliyerithi umeya.

Muuaji ni muuaji, simtafutii udhuru wowote. Ila kila nikisoma habari ile naona utaratibu wenyewe ulikuwa mwembamba mno: kiti cha watu maelfu kikining'inia kwenye maneno ya faragha kati ya watu wawili. Hakuna tangazo, hakuna waombaji, hakuna kikao.

#19 Kibao
Mungu awarehemu. Hii sikuijua.

#20 Mwalimu Rehema
Natoka nje ya mada kidogo, mnisamehe, kazi yangu ni lugha. Mitandaoni watu wanaandika "mteule" na "mteuliwa" kana kwamba ni kitu kimoja. Tukisema "rais mteule" tunamaanisha aliyekwisha kuchaguliwa na bado hajaapishwa. Kwa hiyo "diwani mteule" masikioni mwa wengi ni mtu aliyeshinda kura! Huyu wa Nuru ni "diwani wa kuteuliwa". Mwenye kusoma haraka anaweza kudhani tunazungumzia watu wawili tofauti, na kwenye mada hii tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

#21 Chui wa Wadi
Mwalimu, asante. Kwetu mambo yamezidi, maana wa kuteuliwa tunamwita "nominetedi" tukamaliza kesi.

#22 Mwalimu Rehema
Chui, hilo nitalisahihisha siku nyingine kwa kalamu nyekundu.

#23 Nuru_Mpigakura
Jamani, nimetoka kazini nimekuta uzi umefika hapa. Asanteni sana, nimesoma yote.

Mzee, umenipa hofu. Nimepiga simu ofisi ya karani wa jiji kuuliza utaratibu. Nimeambiwa usaili utakuwa mbele ya watu, kisha madiwani wataingia chumba cha faragha kujadili sifa za waombaji, kisha watatoka kupiga kura. Hicho chumba cha faragha ni halali? Na nimesikia mkazi mmoja akipendekeza kura ya siri ili madiwani wasioneane haya.

Hoja Nzito, huyo mstaafu nilikuwa nimeshampa moyo wangu, sasa umenitikisa.

#24 Zingatia
Nuru, sheria ya mikutano ya wazi ya Washington inaruhusu baraza kujifungia kupima sifa za mwombaji wa kiti cha kuchaguliwa. Lakini usaili wenyewe na kura ya kuteua lazima viwe hadharani. Na kura ya siri hairuhusiwi kabisa. Wakitumia vikaratasi, kila kikaratasi kiwe na jina la diwani aliyekiandika, na kisomwe.

#25 MzeeKarani
Zingatia amemaliza. Niongeze ya ukarani: kile chumba cha faragha ndipo jina linapopikwa. Wanaruhusiwa kupima sifa mle ndani, hawaruhusiwi kupiga kura ya majaribio kwa kunyoosha vidole halafu watoke kuigiza. Ukiona wametoka baada ya dakika kumi na mtu mmoja anataja jina, wote sita wanainua mikono bila mtu kusema neno, jua kilichotokea. Muombe mwenyekiti, kwa adabu, kila diwani aeleze sababu yake kabla ya kura. Sentensi mbili zinatosha. Mtu akilazimika kutoa sababu mbele ya majirani zake, husita kusema uongo.

#26 Bint Saidi
Naomba nirudi kwenye jambo ambalo hatujaligusa. Kwa nini mabaraza yanapenda wastaafu na watu wanaowajua? Nimeliwaza miaka yote tangu siku ile.

Wengine husema ni undugu na urafiki. Mimi sidhani ni hilo peke yake. Nadhani madiwani waliobaki wanatafuta mtu ambaye hatawasumbua hesabu zao. Kama sita wamegawanyika tatu kwa tatu kuhusu jambo kubwa, huyo wa saba ndiye mwamuzi wa kila kitu, na kila upande unajua. Wanaishia kwa mtu asiyeegemea popote, au aliyechoka. Kwa hiyo muuguzi wa Nuru anaweza kukosa kwa sababu moja tu: hakuna anayejua atapiga kura upande gani. Miaka sita ya mipango miji itageuka kuwa dosari, maana ana maoni yake na yameandikwa kwenye kumbukumbu.

Nami nasema hicho ndicho cha kumsifu nacho. Kumbukumbu zake zipo, zisomwe.

#27 Hoja Nzito
Bint Saidi, hapo umenena. Ila naona sababu nyingine iliyo rahisi zaidi: muda. Siku 90 zinaonekana nyingi, lakini ondoa tangazo, ondoa wiki za kupokea barua, ondoa usaili. Baraza linabaki na kikao kimoja au viwili. Mtu anayejulikana hupita kwa sababu hakuna nafasi ya kumjua asiyejulikana. Si lazima pawe na njama.

#28 Dada Neema
Au yote mawili. Na la tatu: kila diwani anaogopa kumwinua mtu ambaye kesho atagombea dhidi yake.

#29 Mtoto wa Meza
Kwa Kibao anayempenda wa pili, kuna mji unaofanya jambo lako kwa heshima kuliko ulivyopendekeza. Cambridge, Massachusetts. Wapiga kura wao hupanga wagombea kwa nambari, wa kwanza, wa pili, wa tatu, tangu miaka ya 1940. Diwani akiondoka, wanarudi kwenye karatasi zilizomchagua huyo aliyeondoka, wanaangalia wenye karatasi hizo walimpa nani nafasi iliyofuata kati ya waliokosa. Anayepata ndiye anayekaa. Hakuna kuteua wala uchaguzi mpya.

Kwa hiyo "wa pili" wao ni chaguo linalofuata la watu walewale waliompoteza mwakilishi wao. Kwa Nuru, huyo wa pili ni chaguo la wale waliompinga aliyeondoka. Hapo mambo yanageuka kabisa.

#30 Kibao
Mtoto wa Meza, kongole. Hii imenifanya nifikiri upya. Kumbe waliompigia diwani aliyejiuzulu ndio wamefiwa, na mimi nilikuwa nataka kumpa mirathi jirani waliyekuwa wakigombana naye. Bado namtetea kidogo, kwa sababu angalau alijitokeza, alikanyaga milango ya watu, anajua wanalalamikia nini. Lakini "bila kusitasita" naiondoa.

#31 Mchunguzi77
Ireland nao wameamua hivyo kwa njia yao: diwani akitoka, baraza linamteua mwingine kwa pendekezo la chama kilekile cha aliyeondoka. Kiti kinabaki na mwelekeo ule wapiga kura waliouchagua. Ubaya wake ni kwamba chama ndicho chenye kiti.

#32 Nuru_Mpigakura
Huku chaguzi za jiji hazina vyama kwenye karatasi, kwa hiyo hiyo ya Ireland haitusaidii moja kwa moja. Lakini wazo la kumtazama aliyeondoka limenigusa, na hakuna hata mmoja hapa mjini aliyelisema. Yule diwani wetu alichaguliwa kwa jambo moja kubwa, njia za watembea kwa miguu karibu na shule. Hakuna mwombaji aliyeulizwa atalifanyia nini.

Nimeandika rasimu ya dakika zangu tatu. Nimeisoma kwa sauti, inachukua mbili na nusu:

"Simtaji mtu. Naomba mambo matatu. Waombaji wote waulizwe maswali yaleyale. Mojawapo liwe hili: taja uamuzi mmoja wa baraza hili wa mwaka huu ambao usingeuunga mkono, na sababu. Pili, waulizwe watafanya nini na kazi aliyoiacha aliyekaa kwenye kiti hiki, maana tuliompigia kura bado tupo. Tatu, mtakapotoka kwenye chumba cha faragha, kila mmoja wenu atuambie sababu yake kabla hajainua mkono."

Nikiwa na sekunde zilizobaki ninataka kumwambia yule muuguzi ahsante kwa miaka sita ya kujitolea, hata asipopata. Nimekuwa nikimwona kwenye vikao hivyo ambavyo ukumbini hatuzidi wanne.

#33 MzeeKarani
Peleka nakala kwa karani siku moja kabla, iingie kwenye kumbukumbu. Ukiongea tu bila kuipeleka, utaandikwa "mkazi alitoa maoni kuhusu uteuzi".

#34 Bint Saidi
Hilo swali la "usingeuunga mkono" ni zuri sana. Mwombaji atakayejibu kwamba hakuna uamuzi hata mmoja, basi hajasoma au anajipendekeza.

#35 Hoja Nzito
Ningeongeza la nne: anayeahidi kutogombea aseme kwa nini, na anayetaka kugombea aseme waziwazi sasa hivi, mbele ya watu. Wote wawili wapimwe kwa uwazi wao.

#36 Nuru_Mpigakura
Nimeliongeza, imefika dakika tatu kamili. Nimepeleka nakala kwa karani leo asubuhi. Nitarudi Jumanne usiku niwaambie.

#37 Chui wa Wadi
Tunakusubiri, dada. Nina swali ambalo halijajibiwa tangu Bint Saidi aseme kuhusu tatu kwa tatu. Wakifungana hivyo Jumanne, na kikao kinachofuata wakafungana tena, hadi siku 90 zikaisha, kaunti ndiyo inateua. Kaunti inawajua hao watatu, au inaanza upya na waombaji wake?